Ramani ya Bafta

Juzi nilirudi Kariakoo. Sisemi nilirudi nyumbani, maana nyumba haipo. Pale ilipokuwa pana jengo la saruji lenye duka la vitambaa mbele, na mwenye duka, kijana wa Kilimanjaro kwa matamshi yake, alinikaribisha na futi mkononi, akingoja niseme nataka yadi ngapi. Sikutaka kitu. Nilikuwa natafuta kizingiti tu, kizingiti cha mvule kilicholika katikati kwa kukaliwa na mtu mmoja miaka mingi.

Nikaondoka, nikashika njia ya Mchafukoge bila safari maalumu, kama ilivyo desturi yangu. Ndipo nikaiona. Kwenye dirisha la duka la vitabu ilitundikwa ramani mpya ya nchi yetu, karatasi nzuri ya kuteleza, mikoa imepakwa rangi mbalimbali. Nilisimama pale hadi jasho likaniingia machoni. Wewe, rafiki yangu, ukisimama mbele ya ramani labda unaona milima na mito. Mimi namwona bibi mmoja anapanda treni.

Nikupeleke basi kwenye Kariakoo ile ya wakati wa Mwingereza, nilipokuwa na miaka kumi na ushei. Mitaa ilikuwa ya mchanga. Nyumba zilikuwa za udongo na makuti, na waliojiweza kidogo walipasua madebe ya mafuta ya taa wakayalaza juu ya paa. Mvua ikinyesha humsikii hata mtu anayekupigia kelele sikioni. Upande wa baharini walikaa Wazungu, wakafuatia Wahindi na maduka yao, halafu uwanja wa Mnazi Mmoja, mtupu kama pengo la jino, ndipo sisi. Ukitazama vizuri, hata mji wenyewe ulikuwa umekatwa majimbo. Ila haya hayakuhitaji rangi. Kila mtu aliyajua kwa miguu yake.

Mama yangu alipanga chumba katika nyumba ya bibi. Hakuwa bibi yangu wa damu, lakini ndiye aliyenilea, maana mama alifua nguo Uzunguni, akiondoka alfajiri na kurudi magharibi. Bibi alikuwa mjane, mfupi, mwenye sauti iliyomzidi umbo. Alinitania kama bibi wote wa mji ule walivyowatania wajukuu wa kiume: aliniita mume wangu. "Mume wangu, maji hujanitekea, kuni hujanipasulia, mimi narudi kwetu!" Alisema hivyo kila siku, narudi kwetu, na kila siku wanawake wa uani walicheka, kwa sababu wote walijua kwamba bibi hana kwao.

Alikuja pwani akiwa mtoto, mikononi mwa watu, katika misafara ile ambayo wazee hawakupenda kuitaja. Asubuhi, tukiwa wawili tu mbele ya chuma cha vitumbua, harufu ya iliki na mafuta ya nazi imejaa uani, ndipo alipokuwa akinisimulia kwa sauti ya chini huku akigeuza vitumbua kwa kijiti. Aliyoyakumbuka yalikuwa machache. Mlima wenye vichwa viwili. Mto mpana wenye matete. Mama yake na wanawake wenzake wakikata matete, wakiyachoma, wakichuja majivu kwenye chungu kilichotobolewa, wakichemsha yale maji hadi ibaki chumvi. Ilikuwa chumvi ya kijivu, alisema, yenye uchungu kidogo, na tangu aondoke hakuonja nyingine aliyoihesabu kuwa chumvi. Baada ya hapo alikumbuka kutembea. Kisha maji mengi, wakavushwa kwa mtumbwi mkubwa, na mtoto mmoja akilia njia nzima. Kisha kutembea tena, mpaka akasahau kwamba kuna jambo jingine ambalo watu hufanya.

Majirani walimwambia, "Wewe Mmanyema tu, wenzio wamejaa hapa, nenda kakae nao." Hakutaka. Jina hilo, alisema, alipewa njiani, kama alivyopewa kipande cha kaniki cha kujifunga. "Jina la msafara si jina la kijiji."

Utauliza, lilimsumbua nini? Alikuwa na nyumba, alikuwa na wateja wa vitumbua, alikuwa na mimi, mume wake wa miaka kumi na ushei. Lakini mji ule ulikuwa wa watu wenye mahali. Mzaramo alikuwa na wake, Mnyamwezi na wake, Mndengereko na wake, na kila mmoja alikuwa na watani. Unamjua mtani msibani. Ndiye anayezuia jeneza njiani akidai haki yake ndipo lipite. Ndiye anayevaa kanzu ya marehemu na kuiga mwendo wake, mpaka wafiwa wanacheka huku kamasi zinawatoka. Mtani unampata kwa sababu ya kwenu. Asiye na kwao hana mtani. "Mimi nitapitishwa kimya," bibi alisema, "kama kapu la mkaa." Kufa hakukumtisha. Alichokiogopa ni kile kimya.

Siku moja alikorofishana bombani na jirani wa nyumba ya pili, ugomvi wa nani alitangulia kuweka debe. Jirani akakaza kanga kiunoni, akawageukia wanawake wengine, akasema kwa sauti ya kuimba: "Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Haya wenzangu, nisaidieni. Asiye na asili ya kuacha, huyo tumwiteje?"

Kicheko kilichofuata bado nakisikia. Bibi, ambaye ulimi wake ulijulikana toka Gerezani hadi Ilala, aliinama tu akafunga bomba. Alijitwika debe likiwa nusu, tukarudi, maji yakimmwagikia shingoni. Karibu na mlango akaniuliza, "Mume wangu, huko shuleni kwenu hawafundishi nchi?"

Walifundisha, tena kwa fahari. Shule haikuwa na ramani, kwa hiyo mwalimu wetu alijitengenezea yake. Alichukua kitambaa cheupe cha bafta, akachora Tanganyika nzima kwa wino, kisha akapaka majimbo kwa alichokipata: bluu ya kufulia, udongo mwekundu, masizi ya chungu, na manjano ya jikoni kwa Jimbo la Kigoma. Siku za joto darasa zima lilinukia mchuzi. Majimbo yalikuwa kumi na moja, nasi tuliyaimba kila asubuhi tukipiga makofi: Bukoba, Mwanza, Arusha, Tanga, Kigoma, Tabora, la Kati na la Mashariki, Iringa, Mahenge, Lindi. Chini ya jimbo kulikuwa na wilaya, chini ya wilaya watemi na maliwali na majumbe. Mwalimu alisema hakuna kiumbe katika nchi hii asiyekaa ndani ya rangi fulani. "Hata nzi wa Kariakoo," alisema, "ni nzi wa Jimbo la Mashariki."

Nilipomwimbia bibi majimbo hayo alitikisa kichwa. "Nchi hii kanga? Mdachi kaikata, Mwingereza naye kaipinda upya." Lakini aliniomba niimbe tena.

Nje ya mpaka mwalimu hakupaka kitu. Huko bafta ilibaki nyeupe. Mimi nilikuwa mtoto na niliamini kwamba palipo peupe hapana watu.

Kila jioni nilibaki kufagia darasa, nikasimama mbele ya ramani kumtafutia bibi kwao. Mlima wenye vichwa viwili haukunisaidia, maana mwalimu alichora milima yote sawa, kama meno ya msumeno. Mito yenye matete ilikuwa kila jimbo. Lakini chumvi! Tulikuwa tumesoma kwamba chumvi hutoka Uvinza, Jimbo la Kigoma, ambako tangu zamani watu huja kutoka kila upande kuichemsha. Na Mto Malagarasi ulipita papo hapo. Nilipiga kelele peke yangu darasani.

Majivu niliyaacha. Na yale maji mengi aliyovushwa? Nilijiambia kwamba mto ukifurika mtoto mdogo huona bahari. Kwa maana kama lilikuwa ziwa, basi kwao kungekuwa ng'ambo yake, kwenye weupe, na kwenye weupe hakukuwa na jimbo wala wilaya ya kumpa. Nilifanya kama fundi cherehani ambaye nguo imekuwa ndogo, akaona heri ampunguze mteja.

Mwalimu aliposikia aliniwekea mkono kichwani mbele ya darasa. "Huyu atakuwa bwana shauri, mtawala wa wilaya," akasema. Nilikimbia hadi nyumbani bila kugusa mchanga.

Bibi alikuwa kizingitini akichambua mchele.

"Bibi, nimepaona kwenu."

Hakuinua macho. "Kuna chumvi?"

"Ipo."

"Na mto?"

"Upo. Matete hadi ukingoni. Panaitwa Uvinza."

"Una hakika, mume wangu?"

"Mwalimu kasema."

Akalirudia lile jina taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu. Ungo ulimteleza magotini, mchele ukamwagika mchangani, na yeye ambaye hakuacha hata punje ipotee alikaa tu akiutazama.

Wiki hiyo karani wa mji alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na daftari kubwa, akiandika watu kwa kabila na wilaya zao. Mwaka mwingine bibi alikuwa amemjibu, "Andika wilaya yangu ni chumba hiki na uani." Safari hii alisimama mlangoni amejitanda kanga zote mbili. "Andika Uvinza," akasema. "Jimbo la Kigoma. Andika vizuri, wino usifutike." Karani akaandika. Wanawake wa uani wakapiga vigelegele. Jirani yule wa bombani alikuja na sahani ya tende, macho chini. Na mchukuzi mmoja Mnyamwezi aliyepanga chumba cha nyuma alisema watu wa reli moja hawakosi utani. "Basi bibi kizee, siku ukifa jeneza lako nalikalia! Haliondoki mpaka nipewe jogoo!"

"Utakufa wewe kwanza kwa ulafi," bibi akamjibu, akacheka mpaka akajishika ukuta. Katika maisha yake yote hapakuwa na mtu aliyemwahidi jambo zuri kama lile.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sikumwambia mama yangu hadi alipofariki.

Mtaani kwetu alipita kila alasiri mzee muuza kahawa, akigonganisha vikombe. Alikuwa mtu wa ng'ambo ya ziwa, na zamani alikuwa mpagazi. Alinisimamisha kwenye kona.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nasikia umempatia bibi yako kwao."

Nilimweleza yote kwa majivuno, na katika majivuno yale nikataja hata majivu. Akalitua buli lake chini.

"Matete? Uvinza hawachomi matete, mjukuu wangu. Nimepita pale na mzigo kichwani. Maji yao yenyewe yana chumvi, wanayachota ardhini wanayachemsha. Chumvi ya majivu ni ya kwetu, ng'ambo. Na maji aliyovushwa ndilo ziwa lenyewe. Kwao huko mbali, ramani ya mwalimu wako haifiki. Kamwambie."

"Nitamwambia."

"Au nimwambie mimi?"

"Hapana babu. Nitamwambia mwenyewe."

Sikumwambia. Bibi alikuwa amekata shauri kwenda Uvinza kwa treni, na zilibaki siku nne kabla ya safari yake. Siku ya kwanza nilisema kesho. Siku ya pili alikuwa akiimba, na nilikuwa sijapata kumsikia akiimba. Siku ya tatu mwalimu aliniita niwaonyeshe wanafunzi wa darasa la chini jinsi ya kusoma ramani. Siku ya nne alinikaangia vitumbua peke yangu, akazidisha sukari, nami nikavila vyote. Ningemwambia nini? Kwamba kwao ni kwenye weupe? Nilimpokonya jirani neno la kumtukania, ningewezaje kumrudishia? Hivyo ndivyo nilivyojitetea. Ukweli ni kwamba niliupenda ule mkono wa mwalimu kichwani.

Alimwachia mama funguo za nyumba. Asubuhi tukaenda kituo cha reli, mimi na yeye, mama akiwa kazini. Alivaa kanga mpya, akabeba kikapu kimoja. Nilikuwa nimemchorea ramani kwenye karatasi ya daftari langu: mpaka wa nchi, mstari wa reli, na kidonda cha wino mwekundu mahali pa Uvinza. Hakujua kusoma, lakini aliikunja mara nne na kuitia kifuani.

Treni ilichelewa. Tulikaa kwenye benchi karibu saa nzima, akinipepea kwa ncha ya kanga, harufu ya moshi wa makaa ikitukaa mdomoni. Saa nzima, rafiki yangu. Hakuna aliyetuharakisha. Nilihesabu mabehewa ya mizigo. Alipopanda behewa la daraja la tatu alinishika shavu kupitia dirishani. "Ukikua unifuate, mume wangu. Usioe mwingine." Nikasema ndiyo.

Habari haikuja. Mama alisema bila shaka amepata ndugu, na mwenye ndugu husahau. Mwaka haujaisha, serikali ikabadilisha majimbo, yale kumi na moja yakawa manane, na Jimbo la Kigoma likaingizwa katika Jimbo la Magharibi. Mwalimu alisikitikia rangi zake, lakini amri ni amri. Akanipa mimi, bwana shauri wake, sabuni na kitambaa nikasugue Kigoma. Mwanamke yeyote angeniambia: manjano ukiyatia sabuni hayatoki, yanageuka mekundu. Nilisugua, na jimbo lote likawa jekundu mbele yangu, likitiririka kwenye bafta hadi ule upande mweupe. Wenzangu walicheka. Mimi nilikimbilia nje, na tangu siku hiyo sikukaa tena mbele darasani.

Nilipokua nilipelekwa Tabora kusoma sekondari. Likizo ya kwanza, badala ya kurudi pwani, nilipanda treni ya kuelekea ziwani. Uvinza walimkumbuka kidogo. Walisema alikaa nao wiki mbili tatu, wakampa mahali pa kulala, akaonja chumvi yao, akairudisha kwenye kibuyu, akasema si hii. Kila mtu alimwonyesha magharibi. Nikafuata hadi Ujiji, nikauliza mtaa kwa mtaa, mpaka mama mmoja muuza dagaa akasema, "Yule bibi wa karatasi?"

Mama huyo alikuwa amempa bibi kibaraza cha kulala. Kila asubuhi, alisema, bibi alishuka ufukweni kuwauliza waliotoka ng'ambo kuhusu mlima wenye vichwa viwili. Hakupata wa kumvusha, homa ilimwahi. Mama yule akaingia ndani akatoka na karatasi yangu. Reli ilikuwa imefifia, kidonda cha wino kimefifia. Lakini kando, kushoto, nje ya mpaka nilioumaliza kwa rula, karatasi ilikuwa imechakaa hadi kutoboka, na kuzunguka tundu kulikuwa na alama za vidole vya mafuta, vya watu wengi. Kila aliyeonyeshwa alikuwa ameweka kidole palepale, kwenye weupe.

"Alizikwaje?" nikauliza.

"Vizuri. Sanda ilipatikana, watu walikuja."

"Na watani?"

Alinihurumia. "Tungewajuaje, mwanangu? Alipitishwa kimya."

Nilionyeshwa kaburi, tuta dogo lililozama, majani juu. Nikajaribu. Nilikunja suruali, nikajifunga shuka kama kanga, nikatembea mwendo wake wa haraka haraka, nikasema kwa sauti, "Mume wangu, maji hujanitekea, mimi narudi kwetu!" Mama wa dagaa alinitazama. Watoto wawili waliokuwa wakichunga mbuzi walinitazama. Hakuna aliyecheka. Utani wa mtu mmoja ni wazimu tu.

Tangu hapo sijakaa mahali. Nimefanya kazi Lindi, nimefundisha Mahenge, nimeuza kahawa Bukoba, na kila nilipofika watu waliniuliza kwetu ni wapi, nami sikupenda jibu lolote nililotoa. Wakati huo nchi imekatwa tena. Majimbo yamekuwa mikoa, maliwali na majumbe wamekwenda, bomba la mtaa limeondolewa, mwalimu amekufa na bafta yake sijui ilipasuliwa matambara ya nani. Kariakoo imejaa watu wasiojua waliokuwa wakikaa pale walikuwa nani.

Kijana wa duka la vitabu alitoka kuniangalia, maana nilikuwa nimesimama sana. "Karibu mzee. Ni mpya hiyo, mikoa yote imo."

"Naiona," nikasema. Nikaweka kidole kwenye kioo, kushoto, ng'ambo ya ziwa. "Na hapa?"

Akainama kutazama, kwa adabu. "Hapo patupu tu, mzee," akasema. "Hapo hamna kitu."